Chupa Iliyotoka Ng'ambo na Ubongo Uliopatwa na Kiharusi



Tumepokea barua ya mama mmoja wa hapa kisiwani ambaye mumewe, mzee wa miaka 64, alipatwa na kiharusi miezi mitatu iliyopita. Alikuwa akitawadha kwa ajili ya sala ya Alfajiri, kata ikamponyoka. Mkewe alipotoka uani alimkuta ameketi sakafuni, mdomo umevutwa upande wa kushoto, mkono wa kulia umelegea, na maneno yake hayafahamiki. Nyumbani ikasemwa ni upepo mbaya. Akaitwa maalim akamsomea, akakandwa kwa mafuta, akafunikwa shuka ili apumzike. Hospitali alifikishwa baada ya Magharibi.

Alhamdulillahi, mzee yu hai. Hutembea kwa kushika ukuta na ulimi wake umeanza kurudi, ingawa mkono bado hauna nguvu. Sasa mtoto wao aliyeko Marekani amewatumia chupa ya vidonge vya melatonini, kwa kuwa amesoma kwamba dawa hiyo huulinda ubongo baada ya kiharusi. Mama huyu anatuuliza mambo matatu. Je, ampe mumewe? Je, ni halali? Na la tatu, aliloliandika mwishoni kabisa kwa herufi ndogo: lau angekuwa na chupa ile asubuhi ile, ingalimwokoa?

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba ukurasa huu haumwandikii mgonjwa dawa. Hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona. Lakini swali hili linastahili jibu refu, kwani mama huyu si peke yake mwenye chupa ya namna hii katika kabati lake.

Melatonini si dawa ngeni mwilini. Ni homoni ambayo kila mmoja wetu huitengeneza kila usiku katika tezi ndogo mno iliyo katikati ya ubongo, ukubwa wake haufiki wa punje ya mbaazi. Giza linapoingia machoni tezi hiyo huanza kuimwaga katika damu, na mwangaza unaporudi huacha. Ndiyo habari inayoupelekea mwili kwamba usiku umeingia. Aliyeigundua ni Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958. Yeye hakuwa akitafuta usingizi hata kidogo. Alikuwa akishughulika na maradhi ya ngozi kubadilika rangi, akasikia kwamba tezi hii ya ng'ombe huweza kuififisha ngozi ya chura. Alichambua maelfu mengi ya tezi za ng'ombe hadi akakipata kitu chenyewe, akakipa jina linalotokana na rangi ya ngozi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili. Melatonini inayouzwa leo kwa kawaida haitoki kwa mnyama, hutengenezwa kiwandani kwa njia za kikemia. Tatizo la uhalali limo katika gamba na si katika homoni. Vidonge vya kapsuli, na zaidi vile vya kutafuna vilivyofanana na peremende, mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini nyingi ya nchi za Magharibi hutokana na nguruwe. Isipoandikwa kwamba ni ya samaki, ya mimea, au ya mnyama aliyechinjwa kisheria, shaka inabaki. Kidonge kigumu kisicho na jelatini hakina tatizo hilo. Basi na isomwe karatasi ya chupa kwanza, kabla hata ya kufika kwenye mambo ya ubongo.

Tuje sasa kwenye ubongo wenyewe. Kiharusi ni cha namna mbili. Kilicho kingi ni cha mshipa kuzibwa na donge la damu. Cha pili ni cha mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya kichwa. Kwa macho hakuna awezaye kuvitofautisha, hata daktari bingwa, mpaka kichwa kipigwe picha ya skani. Ubongo hauna ghala la akiba: unaishi kwa damu inayoupitia dakika hii na dakika hii. Mwaka 2006, Jeffrey Saver, tabibu wa mishipa ya fahamu wa Los Angeles, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukizibwa na usizibuliwe, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Hata hivyo hazifi zote kwa pamoja, na jambo hili ndilo msingi wa matumaini yote yanayozungumzwa kuhusu melatonini. Sisi watu wa Mombasa tunaujua mfano wake kwa mfereji wa maji. Bomba kuu likiziba, nyumba zilizo karibu na penye tatizo hukosa maji mara moja. Nyumba za pembeni, zenye njia nyingine nyembamba, huendelea kupata matone. Haziogi wala hazifui, lakini hazijahamwa. Ubongo nao una eneo la pembeni kama hilo: seli zake zimenyamaza, hazifanyi kazi, nazo bado zinaishi. Zinaweza kudumu hivyo kwa saa kadhaa. Damu ikirudi mapema, huamka. Ikichelewa, nazo hufuata zile zilizokufa.

Na yuko mkazi gani wa mji huu asiyeyajua maji yanayorudi baada ya wiki mbili za ukame? Huja kwa kishindo, mekundu kwa kutu, yamejaa hewa, na pengine hupasua viungo vya bomba. Damu inayorudi katika ubongo uliokauka huleta madhara yanayofanana na hayo. Huzalisha chembe kali za kikemia ambazo wataalamu huziita radikali huru, nazo hushambulia kuta za seli zilizokuwa zimenusurika. Mwaka 1993, Russel Reiter na mwenzake Dun-Xian Tan, huko San Antonio katika jimbo la Texas, walionyesha kwamba melatonini huzinyaka chembe hizo na kuziondoa makali. Ni homoni nyepesi inayopenya hadi ndani ya ubongo bila taabu, tofauti na dawa nyingi ambazo huzuiliwa mlangoni. Wazo likawa dhahiri: kwa nini isitumike baada ya kiharusi?

Ilijaribiwa kwa panya. Mshipa wa ubongo wa panya huzibwa kwa makusudi, wengine wakapewa melatonini na wengine wasipewe. Mwaka 2005, Malcolm Macleod wa Edinburgh na wenzake waliyakusanya majaribio ya namna hiyo na kuyapima kwa pamoja, wakaona kwamba hali ya wanyama waliopewa ilikuwa bora kwa zaidi ya asilimia 40. Hilo si jambo dogo, wala mtoto aliyeko Marekani hakudanganywa alipolisoma.

Lakini panya si baba yake. Panya wa maabara kwa kawaida huwa kijana, mwenye afya, asiye na presha ya miaka 20 wala kisukari, na dawa hupewa kabla ya mshipa kuzibwa au muda mfupi baadaye, kwa kuwa anayempa anaijua saa yenyewe. Mzee wa miaka 64 aliyefikishwa hospitali baada ya Magharibi kwa kiharusi cha Alfajiri hayuko katika hesabu hiyo.

Tena historia ya dawa za kuulinda ubongo inatutaka tuwe na subira. Mwaka 2006, Victoria O'Collins wa Australia na wenzake walihesabu matibabu 1,026 yaliyowahi kujaribiwa dhidi ya kiharusi katika maabara. Mengi yaliwafaa wanyama. Kwa wanadamu, karibu yote hayakufua dafu. Kisa kinachouma zaidi ni cha dawa ya NXY-059 ya kampuni ya AstraZeneca, iliyotengenezwa kwa kazi ile ile ya kuzinasa radikali huru. Jaribio la kwanza kwa wagonjwa wapatao 1,700, lililochapishwa mwaka 2006, lilionyesha faida ndogo, watu wakafurahi. Likafanywa la pili, la wagonjwa zaidi ya 3,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yakaonyesha kwamba dawa ile haikuwasaidia kitu. Kama familia zingeinunua kwa matokeo ya panya peke yake, au hata kwa jaribio la kwanza, zingekuwa zimenunua matumaini matupu.

Kwa melatonini, tafiti za wagonjwa wa kiharusi ni chache na za watu wachache. Baadhi zinatia moyo. Hakuna hata moja iliyo kubwa kiasi cha kuwafanya madaktari waiweke katika orodha ya tiba za kuukoa ubongo. Tena inazungumziwa dawa inayotolewa saa za mwanzo. Kumpa mgonjwa kidonge miezi mitatu baadaye, kwa nia ya kuzilinda seli zilizokuwa hatarini siku ile, ni kuwapelekea maji watu waliokwisha kuhama.

Kuna jambo moja ambalo tungependa mama huyu alitazame leo hii, kabla ya kesho. Katika barua yake ametuorodheshea dawa za mumewe, na mojawapo ni nifedipini, dawa ya presha inayotumiwa katika nyumba nyingi za pwani. Mwaka 2000 watafiti wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa 47 ambao presha zao zilikuwa zimetulia kwa nifedipini. Walipoongezewa miligramu 5 za melatonini kila jioni kwa wiki nne, presha zao zilipanda: ile ya juu iliongezeka kwa wastani wa takriban pointi 6. Utafiti ni mdogo, na zipo tafiti nyingine zinazoonyesha melatonini ikiteremsha presha ya usiku kwa watu wasiotumia dawa hiyo. Lakini kwa mtu ambaye ubongo wake umekwisha kupigwa mara moja, na ambaye adui yake mkubwa ni presha, pointi 6 si za kuchezea. Vile vile anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiiguse melatonini bila daktari wake kujua, kwani kuna taarifa za damu kutoka kwa waliozichanganya.

Na iliyomo ndani ya chupa ni kiasi gani? Marekani huiuza melatonini kama nyongeza ya chakula, si kama dawa, kwa hiyo haipimwi kwa ukali wa dawa. Watafiti wa Kanada walizipima bidhaa 31 katika utafiti wa mwaka 2017. Wakakuta nyingine zina chini ya robo ya kilichoandikwa, na nyingine zina mara kadhaa zaidi yake; nane kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine kabisa ambayo haikutajwa popote. Mwili wenyewe hutengeneza sehemu ndogo tu ya miligramu moja kwa usiku mzima. Chupa hii imeandikwa miligramu 10. Mgonjwa wa kiharusi anayesinzia mchana huanguka, na anayelishwa huku amesinzia hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Hatusemi haya kwa kutisha. Madaktari huitoa melatonini kwa baadhi ya wagonjwa waliopotelewa na usingizi, kwa kipimo wanachokijua wao, na hilo ni jambo jingine.

Sasa swali la tatu, lile la herufi ndogo.

Hapana, mama. Hakuna awezaye kusema kwamba chupa ile ingalimwokoa. Kilichoweza kuibadilisha hali ni saa. Ikiwa ni donge, ipo dawa ya kuliyeyusha inayotolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Ipo pia njia ya kulivuta donge kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa, kwa kawaida ndani ya saa sita, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo hadi saa 24. Si kila hospitali ya pwani inayo tiba hizi, na hata palipo nazo si kila mgonjwa anazistahiki. Kwa hiyo hata angefika mapema, haijulikani kama angezipata. Ulitenda kwa kile ulichokijua, pamoja na watu wazima waliokuwepo, na wala hukumtupa mumeo. Tunakuomba usijihukumu kwa elimu ambayo hukuwa nayo alfajiri ile.

Lakini wasomaji wengine wanaosoma habari hii tunawaomba waichukue. Mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu mmoja ukilegea, au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Mwambie atabasamu. Mwambie ainue mikono yote miwili. Mwambie aseme Bismillahi Rahmani Rahim kwa ukamilifu. Likishindikana moja tu, tafuteni gari. Angalieni saa, na mkumbuke mara ya mwisho alipoonekana mzima, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Msimpe maji wala chakula, kwani huenda hawezi kumeza. Msimpe aspirini, kwa sababu kama mshipa umepasuka mtaongeza uvujaji. Msimrundikie vidonge vya presha ili ishuke haraka. Ikishuka kwa ghafla, zile seli za pembeni hunyimwa hata matone yaliyobaki. Na ule uvumi wa kumchoma sindano vidoleni ili damu mbaya itoke hauna msingi wowote.

Ama kisomo, hakuna Muislamu wa kukikataa. Tunalosema ni kwamba kisomo hakihitaji mgonjwa alazwe kitandani. Aya zinazosomwa chumbani husomeka pia garini, na husomeka katika foleni ya kivuko cha Likoni. Maalim mwenye hekima atapanda gari pamoja nanyi, na tunawajua wanaofanya hivyo. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, wala hakuona katika dawa upungufu wa tawakkal. Ni vizuri pia kila familia yenye mzee wa presha iulize mapema, siku isiyo na taharuki, ni hospitali gani iliyo karibu yenye picha ya skani usiku na mchana. Wenzetu wa visiwani na wa vijiji vya mbali wana taabu zaidi yetu katika hili, na kwao ndiko mpango unakohitajika zaidi.

Kilichobaki kwa mzee huyu ni kukizuia kiharusi cha pili. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliofanywa katika nchi 32 zikiwemo za Afrika na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban viharusi tisa katika kila kumi, na la kwanza lao ni presha. Vidonge vya presha havina hadithi ya kuvutia kama ya melatonini. Ni vya kila siku, vinachosha, na mtu akijisikia nafuu huviacha. Tunawajua wengi walioviacha kwa sababu hiyo hiyo ya nafuu. Utafiti mwingine wa Nigeria na Ghana, wa mwaka 2018, uliona kwamba wasiokula mboga za majani walikuwa katika hatari zaidi. Basi mchicha, matembele na majani ya kunde, tena kwa chumvi kidogo, ni sehemu ya kazi hii. Na mkono ule uzoezwe kila siku kama alivyoelekeza mtaalamu wa viungo, kwa sababu seli zilizosalimika hujifunza kazi za zile zilizokufa, na hazijifunzi bila kurudiarudia.

Ameandika pia kwamba mzee halali usiku, na ndiyo maana chupa inamvuta. Hili lina tiba nafuu ya kuanza nayo. Homoni ile ile iliyomo chupani hukatizwa na mwangaza, hasa wa samawati utokao kwenye simu na runinga. Mzee huyu amelazwa ukumbini ili awe karibu na watu. Ukumbini runinga huwaka hadi saa sita za usiku na taa haizimwi, kisha mchana madirisha hufungwa na pazia likashushwa kwa ajili ya jua. Mwili wake umechanganyikiwa, haujui usiku ni upi. Na afunguliwe madirisha asubuhi, aketishwe barazani kabla jua halijawa kali. Baada ya Isha wageni waombwe radhi, runinga izimwe, taa ibaki ndogo tu ya kumwezesha kwenda chooni bila kuanguka. Hatudai kwamba giza litaurudisha mkono. Usingizi, huenda likaurudisha. Tukiwa hapo, mama, nani anakulaza wewe? Barua yako imeandikwa saa tisa za usiku, umesema mwenyewe. Mabinti na wakaza wana wagawane zamu.

Kuhusu chupa, usiitupe na usiifungue. Itie mfukoni pamoja na dawa zake nyingine zote, uende nazo siku ya kliniki, uziweke mezani mbele ya daktari na umtajie nifedipini kwa jina. Hadi siku hiyo iweke juu, mbali na wajukuu. Huko Marekani, watoto waliokula melatonini wakidhani ni peremende wameongezeka kiasi kwamba simu zinazopigwa katika vituo vya sumu kwa sababu hiyo zilipanda kwa asilimia 530 kati ya mwaka 2012 na 2021, na chupa yako, umetuambia, ina picha ya matunda.